Ukuta wa Emiliana

Harufu ya mabua ya ngano yanapoungua haifanani na ya moto mwingine wowote ninaoujua. Mwanzoni ni tamu kidogo, kama mkate uliosahauliwa jikoni, halafu inageuka kuwa kali, inapanda puani na kukaa kwenye nywele kutwa nzima. Nikiisikia hata leo, narudi papo hapo kwenye uwanja wa nyuma wa shule yetu ya sekondari, upande wa Hanang, si mbali na Balangdalalu, miaka ile ya mashamba makubwa ya serikali. Ngano ilianzia karibu na ua wa shule na kwenda mpaka macho yachoke. Kufika mwezi wa saba mashine za kuvuna zilinguruma tangu umande ukauke hadi jua lizame, na nyuma yake zikaacha mistari ya mabua ambayo hakuna aliyeyadai. Watu wengi waliyaona ni takataka. Mwalimu wetu wa ufinyanzi aliyaona ni kuni za bure, na yeye alikuwa mtu wa kupenda vitu vya bure.

Aliitwa Mwalimu Chilumba, mwenyeji wa kusini, Masasi, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Baridi ya kwetu ilimtesa mpaka tukawa tunamhurumia. Alivaa koti moja zito mwaka mzima, na mikono ya koti hilo ilikuwa imekauka udongo kiasi kwamba alipokunja kiwiko tulisikia ukikatika. Alifundisha ufinyanzi kidato cha pili na cha tatu. Wa kidato cha pili, mwaka wao wa kwanza wa ufinyanzi, walitengeneza bakuli na vijungu vya kuchezea, na yeye aliwapongeza hata vilipopinda. Sisi wa kidato cha tatu, mwaka wa pili wa ufinyanzi, hatukupata huruma hiyo. Sisi tulitakiwa kutengeneza chungu chenye mfuniko, na mfuniko ukae sawasawa, usicheze wala usigande. "Bakuli kila mtu anaweza," alisema huku akizunguka nyuma ya migongo yetu. "Mfuniko ndio unaonyesha kama una akili au una bahati." Alikuwa na gurudumu la kukanyaga kwa mguu ambalo sehemu yake nzito ya chini ilitoka kwenye trekta bovu, aliyokwenda kuiomba karakana ya shamba la ngano. Lilipozunguka lilitoa mlio wa kukwaruza uliosikika mpaka darasa la hisabati, na mwalimu wa hisabati hakumpenda kwa sababu hiyo.

Kwetu Masieda, juu huko Mbulu, kufinyanga ni kazi ya wanawake. Mama yangu alijua kufinyanga, na bibi kabla yake. Nilipomweleza mara ya kwanza kwamba tunafundishwa na mwanamume, aliacha kupepeta, akaniangalia vizuri. "Mwanamume? Na anakaa chini na udongo?" Nikamwambia ndiyo, mama. "Ana mke?" Nikasema sijui. "Mungu amsaidie," akasema, akaendelea kupepeta, lakini baadaye alinitaka nimwonyeshe kila kitu mwalimu alichotufundisha, na mahali pengine alikubali kwa kutikisa kichwa na mahali pengine alicheka hadi machozi. Ndivyo alivyokuwa mama yangu kabla ya likizo ile ya mwezi wa sita.

Likizo ile mama alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto hakuuona mchana wa pili. Hapa inabidi nieleze jambo la kwetu, kwa sababu vijana wengi siku hizi hawalijui. Nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga ilitengwa. Watu wake hawakuingia kwa majirani, na majirani hawakuingia kwao. Hawakuomba moto wala kutoa moto, hawakuchangia chombo na mtu, na ng'ombe wao walikunywa maji mwisho, wengine wakishaondoka. Haikuwa adhabu. Watu waliamini kifo cha namna ile kinashika mikono, na mtu anaweza kukibeba bila kujua akampelekea mwingine, hasa mwanamke mjamzito. Ilikaa hivyo mpaka wazee walipoona muda umetosha, wakaja kuwafungulia. Sisi tulikuwa Wakristo, na baba ndiye aliyesoma masomo kanisani padri alipokosa kufika. Alisema waziwazi kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Lakini nilimwona kwa macho yangu akizunguka njia ndefu ya mlimani ili asipite mbele ya nyumba ya jirani.

Jirani mwenyewe alikuwa baba yake Emiliana. Mashamba yetu na yao yaligawanywa na kijito ambacho mtoto angeweza kukiruka. Emiliana nilisoma naye tangu darasa la kwanza, tukafaulu pamoja, tukaenda sekondari pamoja tukiwa tumekaa juu ya magunia kwenye lori moja. Na likizo ile mama yake alikuwa na mimba changa. Shule ilifunguliwa kabla wazee hawajaja kwetu. Baba akaamua niende, akasema masomo hayangoji. Mama aliniaga akiwa amesimama ndani ya mlango, mikono ameificha kwenye shuka, na hakunigusa. "Usishike vitu vya watu," aliniambia. Nilipanda lori nikiwa na maneno hayo tu, na Emiliana alikaa upande wa pili wa magunia, uso ameuelekeza barabarani.

Shuleni hakunisema vibaya, nataka hilo lieleweke. Aliwaambia tu wasichana wenzetu wa Mbulu kilichotokea, kama mtu anavyosema daraja limevunjika, ili watu wajue. Basi kitanda kilichokuwa karibu na changu kikasogezwa. Kikombe changu kikabaki peke yake kwenye rafu. Hakuna aliyeniazima kitana, na hakuna aliyeniomba kalamu. Wasichana wa mbali, wa Singida na Kondoa, hawakuelewa kitu, waliona tu tumekuwa wapole kupita kiasi. Aliyebaki nami alikuwa Magdalena, binti wa wafugaji wa huko bondeni, mrefu, mwenye kicheko cha kukohoa. "Kwetu tuna miiko yetu, inatutosha," aliniambia, akachukua kikombe changu akanywea. "Ya kwenu bebeni wenyewe." Nilimpenda kwa hilo, lakini sikutulia. Nilikuwa na miaka kama kumi na sita na niliamini nusu. Kuamini nusu ni kubaya kuliko kuamini kabisa, maana hujui ujiogope au ujitetee.

Shida yenyewe ilianzia kwenye udongo. Udongo wetu ulikandwa wa pamoja, kwenye turubai moja, kila mtu akisukuma kwa viganja, na ndani yake tulichanganya vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyosagwa hadi kuwa kama mchanga, ili udongo usinywee sana na kupasuka. Siku ya kwanza ya kukanda, nilipopiga magoti kwenye turubai, wasichana wa Mbulu walisimama wote. Waliweka mikono nyuma. Mwalimu Chilumba aliuliza kuna nini. Emiliana akajibu, kwa adabu zote, macho chini: "Shikamoo Mwalimu. Huyu bado hajafunguliwa." Mwalimu alipoelezwa alicheka, na hilo lilikuwa kosa lake. Alisema kwenye darasa lake udongo ni udongo, na anayetaka kuogopa akaogope nje. Wakatoka nje. Darasa karibu lote, hata wasichana wa mbali waliowafuata tu wenzao, lilikwenda kusimama kwenye upepo, na yeye akabaki na mimi, Magdalena, na wavulana wachache waliochagua ufinyanzi kwa kuogopa misumeno ya useremala.

Nilidhani atawachapa. Badala yake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anafikicha udongo kwenye mkono wa koti lake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Mtoto wa mama yako alikuwa anaitwa nani?" Nikamwambia alikuwa bado hajapewa jina. Siku iliyofuata nilikuta turubai dogo pembeni na bonge langu la udongo, na wengine wakarudi kwenye turubai lao. Lakini aliweka sharti moja mbele ya wote: siku ya kuchoma, chungu changu kitaingia kwenye tanuri pamoja na vyao, kwa sababu tanuri ni moja na mabua ni yale yale. Hawakupenda, ila walikubali. Na mimi tangu siku ile nilianza kuogopa kikwelikweli. Vyungu vikipasuka motoni, kila mtu angejua ni kwa sababu ya mikono yangu. Na mimi mwenyewe ningejua.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa, maana tanuri lile halikuwa na sifa nzuri. Mwalimu alilijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, mdomo wa moto upande mmoja, bomba la moshi upande wa pili, na juu tulifunika kwa vigae na tope. Muhula uliotangulia, vyungu vya mstari wa mbele, vilivyoelekeana na mdomo wa moto, vilipasuka karibu vyote. Mabua ya ngano hayaungui kwa upole. Ukiyatupia yanalipuka, na ndimi zake zinaingia moja kwa moja kama mtu aliyekasirika. Mwalimu alilaumu udongo, akalaumu upepo, akalaumu hata sisi. Hakujua sababu, na hilo lilimnyima raha.

Siku ya kupanga vyungu ilikuwa ya baridi na vumbi. Emiliana aliomba ruhusa aingie ndani ya tanuri kabla ya wengine, akaomba apewe matofali. Nilimtazama akiyapanga, moja juu ya jingine bila tope, akikata tanuri kwa upana, nyuma kidogo tu ya mdomo wa moto. Yalipoisha ukuta ulikuwa umemfika juu ya magoti, na juu yake ilibaki nafasi wazi. Nyuma ya ukuta, upande mkubwa, ndipo vingekaa vyungu vyote. Mbele yake, kwenye kile kichumba chembamba kilichotazamana na moto, ndipo kingekaa changu peke yake. Alikuwa amejenga ndani ya tanuri jambo lile lile ambalo watu wa kwetu huwajengea wafiwa nyumbani, ila hili lilikuwa la matofali. "Kikae hapo," aliniambia alipotoka, si kwa ukali, kama mtu anayekuonyesha pa kuweka ndoo. Mwalimu alisonya kwa sababu ya nafasi iliyopotea, akaacha. Nikakiweka mwenyewe. Kilikuwa chungu cha duara, kizuri kusema kweli, na mfuniko wake ulikaa bila kucheza.

Tuliwasha asubuhi. Kwanza moto mdogo wa vijiti, wa kuondoa unyevu, halafu mabua kidogo, halafu mabua mengi, mpaka nyuso zikawa nyekundu na nyusi za Magdalena zikaungua ncha. Mimi sikuruhusiwa kusogea karibu na moto. Nilibeba matita ya mabua kutoka kwenye rundo hadi kwenye jiwe, na Magdalena akayachukua kutoka hapo. Jua lilipokuwa kichwani tukasikia ndani ya tanuri mlio mmoja: paa! Kila mtu aliacha alichokuwa anafanya. Macho yote yalinigeukia, na Emiliana alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilijua anamfikiria mama yake. Mimi nilimfikiria mama yangu, akiwa amesimama ndani ya mlango. Mwalimu akapiga kelele tusiache moto ufe, tukaendelea, lakini kuanzia hapo hakuna aliyeimba. Jioni tuliziba mdomo kwa tope tukaenda zetu.

Asubuhi tulikusanyika tangu kabla ya chai. Mwalimu Chilumba aliondoa vigae vya juu, akainama, na kwa muda tuliona mgongo wa koti tu. Kisha akatoa chungu cha kwanza, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kililia vizuri, kama kengele ndogo. Akampa mwenyewe. Akatoa cha pili, akagonga, kikalia. Cha tatu kikalia. Wasichana walikuwa wanapokea kwa mikono miwili, kama watu wanaopokea komunyo, na kila kilipolia nilivuta pumzi kidogo zaidi. Cha Emiliana kilitoka mwisho upande ule, chekundu, tumbo pana, mfuniko wenye kishikio kama kitunguu. Kikalia. Kisha mwalimu akapeleka mkono mbele ya ukuta, akakaa hivyo kidogo, na alipoutoa alikuwa ameshika kipande. Akatoa kingine. Changu kilikuwa kimepasuka chote.

Nilicheka. Watu walidhani nimechanganyikiwa, lakini sijawahi kufurahi hivyo katika maisha yangu ya shule. Nilicheka huku machozi yananitoka, nikakaa chini kwenye majivu. Ni changu tu! Hakuna mtu mwingine niliyemwumiza. Emiliana alisogea hadi ukingo wa tanuri, akachungulia. "Ni hicho tu, Mwalimu?" Mwalimu akasema ni hicho tu. Akauliza tena, akajibiwa vilevile. Ndipo akaweka chungu chake chini, akaruka ndani ya tanuri lililokuwa bado na joto, akaanza kuokota vigae vyangu kimoja kimoja kwa mikono mitupu, akiviweka kwenye sketi yake. "Basi," alisema bila kuniangalia. "Imeishia hapo."

Tuliokuwa pale wote tulielewa kwamba kile nilichokibeba kimeishia kwenye chungu changu, isipokuwa mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa amechuchumaa anaushangaa ukuta. Upande wake wa mbele ulikuwa umeungua mweusi na kung'aa kidogo. Upande wa nyuma ulikuwa safi. "Nani alijenga hapa?" akauliza. Emiliana alidhani anagombezwa, akasema atabomoa. "Usithubutu!" Mwalimu alipiga kelele mpaka mwalimu wa hisabati akatoka nje. Alikuwa ameona sababu iliyomsumbua muhula mzima: moto uligonga ukuta, ukapanda juu, ukashuka taratibu juu ya vyungu badala ya kuvivamia. Tangu siku ile hatukuchoma tena bila ukuta ule, na yeye mwenyewe ndiye aliyeuita ukuta wa Emiliana. Vigae vyangu navyo hakuvitupa, kwa kuwa hakutupa kitu. Wiki ile tulivisaga, tukavichanganya kwenye udongo wa turubai kubwa. Wasichana wa Mbulu walipiga magoti, wakaukanda. Nilipiga magoti katikati yao, na aliyekuwa kulia kwangu alinisukuma kwa bega kwamba namzibia nafasi. Kusukumwa kule ni miongoni mwa mambo matamu niliyowahi kutendewa.

Shule ilipofungwa mwezi wa kumi na mbili, tukiwa tunapakia mizigo kwenye lori, Emiliana alinipa chungu chake, amekifunga kwa kanga kuukuu. "Mpelekee mama," alisema. Mama yake alikuwa bado hajajifungua, na nilijua anachofanya ni kikubwa kiasi gani. Nyumbani nilikuta wazee walishakuja na mambo yamefunguliwa, lakini mama alikuwa bado anakaa kama mgeni kwenye nyumba yake. Alikipokea chungu, akauinua mfuniko, akaurudisha, akauinua tena. "Mkono wa nani huu?" Nikamwambia ni Emiliana wa hapo ng'ambo. Alikiweka mapajani akalia kwa sauti, kilio ambacho nadhani alikuwa amekizuia tangu mwezi wa sita. Mwezi wa kwanza mama yake Emiliana akajifungua mvulana, salama. Mama yangu alipika uji mzito, akautia kwenye chungu kile kile, na nilimwona akivuka kijito kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kilirudi baada ya siku chache kikiwa na maharage ndani, kwa sababu chombo hakirudishwi kitupu.

Leo mashamba yale makubwa yamegawanywa, mashine nyingi zimebaki mifupa, na mabua ya ngano yana wenyewe, wanayalisha ng'ombe au kuyauza. Mwalimu Chilumba alirudi kwao kusini, nasikia alistaafu na hajavua lile koti. Mimi ndiye ninayefundisha sasa ufinyanzi wa mwaka wa pili, katika shule nyingine, kwa wanafunzi wanaopiga picha kila chungu kabla hakijakauka. Nawakazania mfuniko kama nilivyokazaniwa. Niliwaeleza siku moja habari za nyumba kutengwa, wakaniangalia kama ninasimulia habari za nchi nyingine. Kijijini kwetu mama akifiwa na mtoto siku hizi, wanawake wanajaa ndani siku hiyo hiyo, na mmoja anakuwa na sufuria ya uji. Sidharau waliotulea, walikuwa wanawalinda waliobaki kwa njia waliyoijua. Lakini kila nikisikia wamejaa ndani, moyo wangu unatulia mahali pake.

Mwaka huu nilijengewa tanuri jipya. Fundi ni yule mvulana aliyezaliwa mwezi wa kwanza ule, sasa ana mvi mbili tatu kidevuni. Nilipomwonyesha pa kujenga ukuta mfupi ndani ya tanuri, aliuliza una kazi gani. Nikamwambia unaitwa jina la dada yake. Akacheka sana, akasema dada hajawahi kumwambia kama aliwahi kuwa fundi. Nilikuwa nataka kumweleza, lakini mama yangu, ambaye anaishi nami na anatembea kwa fimbo, alikuwa anakuja uwanjani taratibu, amekumbatia chungu chekundu ambacho mfuniko wake ulivunjika zamani na sasa kinafunikwa kwa sahani. Fundi alikimbia kumpokea. Mama alikataa kukiachia. Alikiweka chini mwenyewe, akamimina uji kwenye kikombe, akamshika fundi yule mkono kwa mikono yake yote miwili, akampa yeye wa kwanza.